Malipo ya awali ya ukumbi wa harusi

Malipo ya awali ya ukumbi wa harusi ni fedha ambazo familia au kamati ya harusi humlipa mwenye ukumbi kabla ya siku ya sherehe ili ukumbi usipewe mtu mwingine. Huitwa pia kianzio, advansi au, kwa neno la zamani zaidi, arubuni. Fedha hizo huzua mgogoro hasa pale harusi inapoahirishwa. Familia husema ukumbi haukutumika, hivyo fedha zirudishwe au zihamie tarehe mpya. Mwenye ukumbi husema aliwafungia mlango wateja wengine, hivyo fedha ni zake.

Makala hii inaeleza mgogoro huo kwa kufuata sheria ya mikataba ya Tanzania Bara, kwa kuangalia mazingira ya wilaya za Karagwe na Kyerwa katika Mkoa wa Kagera. Zanzibar ina sheria yake ya mikataba.

Majina na aina za malipo

Neno arubuni limetoka katika Kiarabu (ʿurbūn), lugha ambayo imeupa Kiswahili maneno mengi ya biashara. Katika fikihi ya Kiislamu wanazuoni hawakukubaliana juu yake: madhehebu ya Hanbali huruhusu muuzaji kubaki na arubuni mnunuzi anapojitoa, lakini wanazuoni wengi wa madhehebu mengine wameikataa. Yaani swali la nani abaki na kianzio lilijadiliwa karne nyingi kabla ya kumbi za harusi kuwapo.

Katika ukodishaji wa ukumbi, fedha za aina tatu huchanganywa mara nyingi katika risiti moja:

- Arubuni au kianzio cha kushikilia tarehe. Hiki ni kiasi kidogo kinachoonyesha kwamba mteja ana nia ya kweli.
- Sehemu ya bei. Hii ni fedha inayopunguza deni la ukumbi, hata kama imelipwa mapema. Mteja aliyelipa nusu au robo tatu ya bei kwa kawaida amelipa sehemu ya bei, si arubuni tu.
- Amana ya uharibifu na usafi. Hii huwekwa kwa ajili ya viti vitakavyovunjika au taka zitakazoachwa. Kama sherehe haikufanyika, hakuna kilichovunjika, na mwenye ukumbi hana sababu ya kuizuia.

Jina lililoandikwa kwenye risiti halimalizi ubishi. Mahakama huangalia fedha zilitolewa kwa ajili gani.

Mazingira ya Karagwe na Kyerwa

Bweranyange ni kata ya Wilaya ya Karagwe, mahali palipokuwa makao ya watawala wa ufalme wa Karagwe. Huko, kama katika vijiji vingi vya Wanyambo, sherehe nyingi za harusi bado hufanyika nyumbani, chini ya maturubai kando ya migomba. Wanaotaka ukumbi hutafuta katika miji ya wilaya kama Kayanga na Omurushaka, au hutumia kumbi za parokia, usharika na shule.

Gharama za harusi kwa kawaida hazitoki mfukoni mwa bwana harusi peke yake. Kamati huundwa, kadi za mchango husambazwa, vikao hufanyika kila wiki, na mhazini huandika nani ameahidi na nani ametimiza. Kwa hiyo kianzio kinachopotea ni fedha za wajomba, mashangazi, majirani na wafanyakazi wenzake. Wakiombwa kuchanga tena kwa tarehe mpya, wao ndio watakaouliza fedha za kwanza zilikwenda wapi.

Sababu za kuahirisha zinajulikana. Ya kwanza ni msiba: kwa desturi, msiba hutangulia sherehe, na familia iliyofiwa haiwezi kupiga muziki wiki hiyohiyo. Nyingine ni ugonjwa, likizo ya kazini kukataliwa, au tangazo la ndoa kuchelewa (Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla). Katika eneo la kahawa kuna sababu moja zaidi. Wakulima wa Karagwe na Kyerwa huuza kahawa kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha ushirika KDCU. Malipo ya kahawa yakichelewa, michango nayo huchelewa, na tarehe ya harusi husogezwa.

Kuahirisha na kufuta

Kufuta ni kuumaliza mkataba. Kuahirisha ni kuomba mkataba uleule utekelezwe siku nyingine. Tofauti hii ndiyo inayosahaulika zaidi katika ugomvi wa ukumbi.

Tarehe ni sehemu ya makubaliano, hivyo upande mmoja hauwezi kuibadilisha peke yake. Familia haina haki ya kumlazimisha mwenye ukumbi apokee tarehe mpya, na yeye akikataa bila kinyongo hajavunja mkataba. Lakini akikubali, makubaliano yamebadilishwa, na kianzio huendelea kuwa kianzio cha tarehe mpya. Kama alipokubali hakutaja ada ya kuhamisha tarehe wala bei mpya, hawezi baadaye kudai vitu hivyo kana kwamba vilikubaliwa.

Mwenye ukumbi anaweza kukubali kwa masharti, kwa mfano kwamba tarehe mpya iwe ndani ya miezi sita, isiwe Jumamosi ya Desemba, au bei iwe ya msimu wa tarehe hiyo. Masharti hayo ni halali yakisemwa kabla ya kukubaliana.

Sheria inavyosema

Sheria ya Mikataba ya Tanzania (Sura ya 345) ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Haina kifungu kinachotaja harusi wala ukumbi, lakini vifungu vyake vya jumla vinatosha.

Hasara halisi

Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kulipwa fidia kwa hasara iliyotokana na uvunjaji kwa njia ya kawaida, si hasara ya mbali au ya kukisia. Katika kupima hasara hiyo huangaliwa pia njia alizokuwa nazo za kuipunguza. Kifungu cha 74 kinahusu mkataba uliotaja mapema kiasi cha kulipwa au adhabu: aliyevunjiwa hupata fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kiasi kilichotajwa ni kikomo cha juu. Si lazima kitolewe chote.

Kwa hiyo maneno «fedha ikishalipwa hairudi» yaliyochapwa chini ya risiti si mwisho wa mjadala. Yana uzito, hasa kama mteja aliyaona kabla ya kulipa na kiasi chenyewe ni kidogo. Lakini hayampi mwenye ukumbi ruhusa ya kubaki na fedha nyingi bila kuwa amepata hasara inayolingana nazo.

Mfano unaotajwa sana katika nchi zenye sheria ya aina hii ni uamuzi wa Mahakama ya Juu ya India wa mwaka 1963, katika kesi ya Fateh Chand dhidi ya Balkishan Das. Mnunuzi wa nyumba alikuwa amelipa rupia 1,000 kama arubuni na rupia 24,000 kama sehemu ya bei, kisha mauzo yakavunjika. Muuzaji aliachiwa rupia 1,000, lakini hakuruhusiwa kubaki na zile 24,000 kwa kuwa hakuthibitisha hasara. Hukumu za India hazizifungi mahakama za Tanzania, lakini husomwa kwa makini pale maneno ya sheria yanapofanana.

Mfano wa hesabu

Huu ni mfano wa kubuni. Ukumbi umekodiwa kwa shilingi 1,000,000, na familia imelipa 400,000 kama sehemu ya bei. Kisha familia inajitoa.

- Taarifa ilitolewa miezi miwili kabla, na mwenye ukumbi akapata mteja mwingine kwa bei ileile baada ya kutumia 20,000 kutangaza. Hasara yake ni 20,000, na kiasi cha kurudisha ni 380,000.
- Taarifa ilitolewa wiki tatu kabla, naye akapata mteja kwa 700,000 baada ya kutumia 20,000. Hasara ni 320,000, na kiasi cha kurudisha ni 80,000.
- Taarifa ilitolewa siku tatu kabla, na ukumbi ukakaa wazi. Mwenye ukumbi aliokoa 150,000 za umeme, usafi na ulinzi. Hasara ni 850,000. Hapa familia haina cha kudai, na mwenye ukumbi anaweza hata kudai 450,000 zilizobaki.

Hesabu ya tatu inaonyesha kwamba sheria haimpendelei mteja wala mwenye ukumbi. Inaonyesha pia kwamba siku ya kutoa taarifa ina thamani ya fedha. Familia inayokaa kimya kwa aibu, ikitumaini mambo yatanyooka, hupoteza kwa kila wiki inayopita.

Tukio lisilozuilika

Kifungu cha 56 kinahusu jambo ambalo baada ya mkataba kufungwa limekuwa haliwezekani au limekatazwa na sheria, bila kosa la mhusika. Mkataba hubatilika. Kifungu cha 65 huongeza kwamba aliyepokea faida chini ya mkataba uliobatilika airudishe au aifidie. Katika hali hiyo kianzio hurudi.

Wakazi wa Kagera wanakumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilipoupiga mkoa huo mchana na kubomoa au kupasua majengo mengi. Ukumbi ulioanguka, au uliofungwa na mamlaka kwa kuwa ni hatari, ni mfano wa wazi wa jambo lisilowezekana.

Si kila shida hufikia kiwango hicho. Michango kuchelewa, bei ya kahawa kushuka, au ndugu kukosa ruhusa kazini ni matatizo ya kweli, lakini hayafanyi sherehe isiwezekane kisheria. Kifo cha mmoja wa wachumba huondoa msingi wenyewe wa mkataba. Kifo cha mzazi ni kigumu zaidi kuamua: kwa desturi harusi haiwezi kuendelea, lakini ukumbi upo na uko wazi. Kwa sababu hiyo inafaa msiba utajwe kwa jina katika mkataba.

Kosa la mwenye ukumbi

Mara nyingine harusi huahirishwa kwa sababu ukumbi umekodishwa kwa watu wawili siku moja, au ukarabati haujaisha. Hapo aliyevunja mkataba ni mwenye ukumbi. Familia inastahili kurudishiwa fedha yote, pamoja na fidia ya hasara inayothibitika, kama tofauti ya bei ya ukumbi mwingine au kadi zilizochapwa upya.

Uchumba ukivunjika

Kama harusi haikuahirishwa bali uchumba umevunjika, madai dhidi ya mwenye ukumbi hubaki yaleyale. Kati ya wachumba wenyewe, Sheria ya Ndoa inaruhusu aliyeachwa kudai hasara aliyoipata kwa kuvunjwa ahadi ya ndoa (kifungu cha 69). Kianzio cha ukumbi kilichopotea kinaweza kuwa sehemu ya hasara hiyo.

Kesi za kumbi katika historia

Sehemu kubwa ya kanuni hizi ilizaliwa katika kesi za kukodi kumbi na vyumba. Mwaka 1861 ukumbi wa muziki wa Surrey Gardens, London, uliungua siku chache kabla ya matamasha yaliyopangwa. Katika kesi ya Taylor dhidi ya Caldwell (1863) iliamuliwa kwamba pande zote mbili zilifunguliwa kutoka katika wajibu wao, kwa kuwa kitu kilichokodiwa hakipo tena.

Mwaka 1902 kutawazwa kwa Mfalme Edward VII kuliahirishwa ghafla kwa sababu ya ugonjwa wake. Bwana Henry alikuwa amekodi vyumba katika mtaa wa Pall Mall kwa pauni 75 ili kutazama maandamano, akalipa kianzio cha pauni 25. Mwaka 1903 mahakama iliamua kwamba halazimiki kulipa pauni 50 zilizobaki. Vyumba vilikuwepo, lakini sababu ya kuvikodi, iliyojulikana kwa pande zote mbili, ilikuwa imeondoka. Kianzio hakikurudi: Henry alikuwa amekidai, kisha akaliacha dai hilo.

Uingereza ilirekebisha jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1943, iliyoruhusu fedha zilizolipwa kabla kurudishwa baada ya kukata gharama za haki. Sheria ya India, na baadaye ya Tanzania, ilikuwa na kanuni ya kurudisha tangu mwanzo.

Janga la UVIKO-19 na nchi jirani

Mwezi Machi 2020 serikali za Afrika Mashariki zilizuia mikusanyiko kwa viwango tofauti. Tanzania ilitangaza zuio la mikusanyiko mikubwa tarehe 17 Machi. Nchini Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Kyerwa, Rais Yoweri Museveni alitangaza tarehe 18 Machi kwamba harusi ziahirishwe, au zifanywe na watu wachache sana. Ndipo lilipozuka jina la «harusi za kisayansi». Kenya nayo ilizuia mikusanyiko ya kijamii.

Panapokuwa na katazo la serikali, swali la kwanza ni kama sherehe iliyokubaliwa ilikatazwa siku ile, au watu waliogopa tu kuhudhuria. La kwanza hugusa kanuni ya jambo lisilowezekana. La pili halitoshi. Uganda hufuata Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010. Nchini Kenya, madai yasiyozidi shilingi milioni moja za nchi hiyo yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Ushahidi

Mkataba wa mdomo ni mkataba halali, lakini ni mgumu kuuthibitisha. Vitu vinavyosaidia ni risiti yenye tarehe na jina la aliyepokea, ujumbe wa M-Pesa au mtandao mwingine wa simu, ujumbe wa maandishi unaotaja tarehe ya sherehe, na daftari la mhazini. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, hivyo ujumbe wa simu usifutwe.

Taarifa ya kuahirisha itolewe kwa maandishi, hata kama imeshasemwa kwa simu. Mwenye ukumbi naye anapaswa kutunza daftari la tarehe: nani aliulizia siku ile akakataliwa, na nani aliipata baadaye kwa bei gani. Bila daftari hilo ni vigumu kuthibitisha hasara yake.

Kamati ya harusi si mtu kisheria. Anayeweza kudai au kudaiwa ni yule aliyeweka saini au aliyelipa, mara nyingi mwenyekiti au mhazini. Ni vizuri mkataba uonyeshe kwamba anatia saini kwa niaba ya nani. Vilevile, fedha iliyopitia kwa dalali, mshereheshaji au mpambaji ni ya mwenye ukumbi kisheria iwapo tu mtu huyo aliruhusiwa kuipokea, au mwenye ukumbi aliacha watu waamini hivyo.

Njia za utatuzi

Katika wilaya kama Karagwe, mwenye ukumbi na familia watakutana tena sokoni, kanisani, msikitini au msibani. Kwa sababu hiyo mazungumzo ndiyo njia ya kwanza. Wazee wa pande mbili, kiongozi wa dini au ofisi ya kijiji au kata wanaweza kusuluhisha. Suluhu za kawaida ni kuhamisha tarehe bila ada, kurudisha fedha ukumbi ukipata mteja mwingine, au kutumia kianzio kwa sherehe nyingine ya familia kama sendofu au kipaimara. Makubaliano yaandikwe na kutiwa saini.

Ikishindikana, barua ya madai hutumwa ikitaja kiasi, sababu na muda wa kujibu. Baada ya hapo shauri linaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai ya fedha zitokanazo na mkataba, huendesha mashauri kwa Kiswahili, na ada yake ni nafuu. Wasiomudu gharama za wakili wanaweza kupata ushauri wa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Pale mwenye ukumbi alipowadanganya wateja, kwa mfano kwa kutangaza huduma asiyokuwa nayo, malalamiko yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Mambo ya kuandikwa kabla ya kulipa

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha, ukitaja mambo yafuatayo:

- tarehe na saa za kuanza na kumaliza, bei yote, na kiasi kilicholipwa;
- kipi ni arubuni, kipi ni sehemu ya bei, na kipi ni amana ya uharibifu;
- kiasi kitakachokatwa taarifa ya kujitoa ikitolewa zaidi ya siku 60 kabla, kati ya siku 60 na 14, na chini ya siku 14, au kwa mgawanyo mwingine watakaokubaliana;
- ni mara ngapi tarehe inaweza kuhamishwa, kwa muda gani, na kwa bei ipi;
- nini kitafanyika kukiwa na msiba wa mzazi au ndugu wa karibu, ugonjwa, maafa au katazo la serikali;
- mwenye ukumbi atalipa nini akishindwa kutoa ukumbi;
- fedha zitarudishwa kwa nani, kwa njia gani, na ndani ya siku ngapi.

Kumbi za serikali na taasisi za dini mara nyingi zina taratibu zake za malipo, na fedha iliyokwishaingia katika akaunti ya taasisi hurudi baada ya idhini ya ngazi za juu. Ni busara kuuliza utaratibu wa kurudisha kabla ya kulipa, si baada ya harusi kusogezwa.

Tazama pia

- Mkataba
- Harusi
- Sheria ya Ndoa (Tanzania)
- Mahakama ya Mwanzo
- Wilaya ya Karagwe